Kamlaza Kama Maiti

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, na aliyelisema ni wifi yake, Time binti Kificho, kasimama ukumbini mbele ya wafiwa wote, kanga kaifunga kiunoni: "Kamlaza kakangu kama maiti, naye bado anapumua!" Bi Mwanawema alilala na neno hilo, akaamka nalo, mpaka kichwa kikawa cheupe. Na wala hakulisamehe. Kwa nini asamehe? Asamehe mwengine aliyepakwa neno kama hilo, kama ataweza.

Mumewe, Ngwali, alikuwa mchumaji karafuu. Ilikuwa ile miaka ya baada ya Mapinduzi, mchele wa kupangia foleni, lakini karafuu zilizaa hata matawi yakainama. Na tawi la mkarafuu halina imani, linakatika bila ya kukupa taarifa. Likakatika. Ngwali akaangukia kisiki, paja likachanika, damu ikawa inatoka kwa kuruka, si kwa kuchuruzika.

Mwanawema alikuwa chini ya mkarafuu huo huo, anaokota zilizodondoka. Na alijua la kufanya, kwa sababu alilijua kwa mwili wake. Nyuma kidogo alijifungua mtoto mfu, damu ikamwagika hata macho yakaingia giza. Nesi hospitali akamlaza chali, miguuni mwa kitanda akatia matofali, akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Alipolilia maji, akatiwa matone tu ya kulainisha midomo. "Ukinywa utatapika upaliwe," nesi akamwambia. "Na ukiinuka utazimia. Tulia, damu iliyobaki uachie moyo." Akapona. Mtoto mwengine hakupata, lakini akapona.

Basi akavua kanga ya juu, akaikunja, akaikandamiza pajani pa Ngwali kwa viganja viwili. Akamlaza chali, miguu juu ya pakacha la karafuu, akamwita jirani avue kanga yake amfunike. Ngwali kapauka, jasho la baridi linamtoka, lakini anasema. "Mwanawema, zile karafuu zisije zikanyeshewa." Na damu ikaanza kusita.

Ndipo akatokea Time na wachumaji wengine.

"Loo! Ndo unamlaza kama maiti? Unamvisha sanda kakangu? Mwinueni akae, mpeni maji!"

"Wifi, usimguse."

"Nisimguse? Tumbo moja lile, weye umetoka wapi?"

Akamsukuma. Wakamketisha Ngwali, wakamnywesha kata nzima ya maji, na Time akaibandua ile kanga ili atie unga wa kahawa kwenye jeraha, kama alivyoona kwa bibi yake. Damu ikaruka upya. Ngwali akageuza macho, kichwa kikaanguka begani kwa dadake. Gari ilipokuja ilichukua maiti kweli.

Nani aliyemuua? Waliokuwapo waliona. Lakini Time ana mdomo, na kina Kificho wamejaa kijiji kizima. Mwanawema ana nani? Babake alitoka bara kuja kubeba magunia bandarini pale Wesha, akafa, basi. Eda haijesha, keshakuwa Mama Sanda.

Tangu hapo hakuitwa kwa jambo. Mtu akijifungua, wenziwe wanaingia na uji, yeye anasikia vigelegele kwa mbali. Akenda kumtazama mgonjwa, mgonjwa anaketi kitako mbio mbio, isije ikaonekana kalala mbele yake. Watoto walikanywa wasijinyooshe barazani kwake. Homa ikimshika, alijikanda mwenyewe, akajipikia uji mwenyewe, akajiambia pole mwenyewe. Usicheke. Nyumba isiyo mtu wa kukwambia pole ina baridi hata kiangazi.

Ulipokuja ukulima wa mwani, wanawake wote wakashuka pwani, na yeye akashuka. Wakamwachia kipande cha mwisho kabisa, penye mawe, ili asipakane na mtu.

Siku hiyo maji yalikuwa yametoka, wenziwe wako mbali kwenye kamba zao. Mchangani walibaki wawili tu. Mwanawema anageuza mwani wake juani, na upande wa pili Time, sasa bibi mzima, kakaa anachonga vijiti vya kufungia kamba, kila kijiti anakiegemeza pajani. Hawakusalimiana. Miaka yote hawakusalimiana, wangeanza leo?

Panga likateleza, likaingia pajani. Time hakupiga kelele, aliguna tu. Mwanawema alipogeuka, aliiona ile damu ya kuruka. Aliijua.

Akasimama. Tusidanganyane, alisimama tu, hakwenda. Time anamtazama, mikono yake miwili imejaa damu.

Wapo wanaosema huruma ilimshika. Huruma gani? Ukweli wa Ngwali alikuwa nao Time peke yake wa kuutamka akaaminiwa. Time akifia pale mchangani, ukweli umezikwa naye, na Mama Sanda kaua wa pili. Kwa hilo ndo alimkimbilia.

"Lala."

"Mwanawema..."

"Lala chali, nnakwambia!"

Akakunja kanga, akaikandamiza kwa uzito wake wote. Miguu ya Time akaivutia kwa goti juu ya gunia la mwani. Damu ikapenya kanga. Hakuibandua, alivua mtandio wake akauongeza juu ya ile ile, akazidi kukandamiza, kichwa wazi, mvi zote nje. Kanga ya pili akamfunika nayo mpaka kidevuni, maana Time alishaanza kutetemeka na jua lote lile.

"Maji," Time akasema.

"Hupati."

"Nakufa kwa kiu."

"Kiu haijakuua bado. Ungelimnyima hivi na kakako."

Time akafumba macho. Machozi yakamtoka kwa pembeni, yakaingia masikioni.

Mwanawema akapiga ukelele wa kuita watu. Wa mbele kufika alikuwa Khairiya, bintiye Time, chepechepe mpaka kiunoni. Alipomwona mamake kanyooshwa, kafunikwa, na aliye juu yake ni nani, akapandwa na wazimu.

"Mama Sanda! Kamlaza mamangu kama maiti!" Akamshika kwapani amnyanyue.

"Niache!" Sauti ya Time ilikuwa ndogo, lakini wanawake waliofika nyuma wote waliisikia. "Usininyanyue."

"Mama, unamwachia akuue?"

"Mwanawema alimlaza Ngwali hivi hivi, na damu ilikuwa ishasita. Miye ndo n'liyemnyanyua. Miye n'liyembandua ile kanga, na maji n'kampa miye." Akahema. "Kaiteni gari."

Khairiya akaachia kwapa.

Wakamtia juu ya mlango wa banda, wakampakia amelala vile vile kwenye gari ya abiria itokayo Konde. Mwanawema akapanda naye, viganja havikubanduka mpaka hospitali, nesi alipovitoa kimoja kimoja. Vidole vilikuwa vimekakamaa havikunjuki.

Time akanyoosha mkono kutoka kwenye machela. "Wifi. Nisamehe."

"Damu nimekuzuilia," Mwanawema akamwambia. "Hilo jengine kamwombe Ngwali utakapofika. Leo hukufika."

Akarudi kijijini alasiri. Habari ilikuwa ishatangulia, kama lilivyotangulia neno lile zamani. Milango ambayo miaka yote hakukaribishwa ilikuwa wazi, watu wamesimama.

"Bi Mwanawema! Karibu, bibi, pita ndani upate uji."

"Nimeshiba."

Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Akapita, na kanga yake ya damu mkononi, akafungua mlango wake, akawasha moto, akabandika muhogo wa mtu mmoja.