Suti ya Wakili

Mtaa mzima walimwita Jicho, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa fundi cherehani asiyempima mtu. Mteja akiingia, Jicho humtazama mara moja tu, kuanzia mabegani hadi kwenye viatu, halafu humwambia arudi wiki ijayo, yamekwisha. Futi kamba alikuwa nayo, lakini aliivaa shingoni kama pambo, na kwa kukaa hapo miaka nenda miaka rudi, namba zake za katikati zilifutika kwa jasho.

"Futi ni ya wanaojifunza," alipenda kusema. "Mimi Mungu alinipa macho."

Na ujanani, kweli, jicho lile halikuwa likikosea. Ubaya wa sifa ni kwamba hubaki hata kile kilichozileta kikishaondoka. Kadiri miaka ilivyokwenda, nguo za Jicho zilianza kutoka kubwa. Si kwamba alikuwa haoni. Uzi aliupitisha kwenye tundu la sindano bila miwani. Ni kwamba akikaa mbele ya kitambaa, pasi ikipata moto taratibu na mwanga wa dirishani ukitambaa juu ya meza, mawazo yalimchukua. Karani mwenye kifua cha kuku alimjia akilini kama mkurugenzi. Mwalimu mfupi alirefuka. Mkasi ukafuata ndoto, na mtu akakatiwa nguo ya yule ambaye Jicho angependa awe.

Wateja hawakulijua hilo, kwa sababu Jicho alikuwa na mke. Mama huyo alikuwa na ujanja wake: kila mteja alimwomba aache shati lake moja la zamani, eti la kulinganisha rangi. Kisha mzee akishakula chakula cha mchana na kujinyoosha kwenye kochi la chumba cha nyuma, yeye hufumua mishono, hupunguza mabega, hupandisha mikono, hupiga pasi, na mzee anapoamka nguo inaning'inia pale pale ilipokuwa. Mteja akija akaivaa, inamkaa kama ngozi yake.

"Unaona?" Jicho humwambia mkewe. "Jicho halizeeki."

"Naona, Baba Wakili," mkewe humjibu, akiendelea kuokota vipande vya uzi sakafuni. Alimpenda mumewe. Aliona heri amvike kilemba cha ukoka kuliko kumvua nguo mbele za watu, na hakuna aliyemwambia kwamba hayo mawili huja kuwa kitu kimoja.

Huyo Wakili ambaye baba yake aliitwa kwa jina lake alikuwa mtoto wao wa pekee. Utotoni alibishana na kila kitu, hata na jogoo wa jirani, na baba akampa jina, na jina likaota mizizi. Akapelekwa kusomea sheria. Mwaka wa pili akaacha, akaenda kukanda unga kwenye bekari, maana ndiko roho yake ilikokuwa. Hakumficha mtu. Alikuja nyumbani akasema kwa kinywa chake mwenyewe, mezani, mchana kweupe. Jicho alimsikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake, akajifuta mdomo.

"Vizuri," alisema. "Kupumzisha akili ni jambo jema."

Tangu siku hiyo, kila aliyeuliza aliambiwa kijana yuko mwaka wa mwisho.

"Mwaka gani huo usio na Desemba?" aliuliza kinyozi wa mlango wa pili, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake.

"Sheria ni ndefu, bwana. Si kama kunyoa ndevu."

Kwenye sanduku la chumbani Jicho alikuwa ameweka kitambaa cha sufu cheusi, kizito, kile cha kukunjuka bila alama. Hatimaye akakitoa. Alikikata akiwa ameufunga mlango, na kila alipochora kwa chaki alikuwa mbali. Alikuwa kwenye ukumbi wenye dari ya juu na mbao zinazong'aa. Watu wamenyamaza. Mwanawe anasimama, mabega mapana, kifua mbele, na hakimu mwenyewe anainamisha kichwa kidogo. Mtu kwenye benchi la nyuma ananong'ona: suti hii nani kaishona? Jicho hutabasamu peke yake, cherehani ikiendelea kunguruma chini ya miguu yake kama treni ya mbali, na vumbi la uzi likielea kwenye mwanga. Ilikuwa raha tupu. Hakuwa amewahi kuwa na furaha namna ile, na hatuwezi kumnyima.

Suti ilipokwisha, aliifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Mkewe akaomba aipige pasi. Akakataliwa. Akaomba aangalie vifungo tu. Akakataliwa.

"Hii hakuna mkono utakaoigusa isipokuwa wangu," Jicho alisema. Moyo wa mama ukaanguka, kwa sababu alijua kilichomo mle kabatini.

Jumamosi kijana akaja, mkate wa moto kwapani, unga kidogo kwenye nyusi. Alikuwa mwembamba, wa mabega membamba kama ya mama yake, na mikono yake ilikuwa na alama za kuungua na tanuri. Alikuwa na habari. Amepata bekari yake mwenyewe, kwenye barabara inayokwenda mahakamani, na Jumatatu asubuhi anaifungua.

"Nataka uje, baba. Mkate wa kwanza uukate wewe."

"Barabara ya mahakamani!" macho ya Jicho yaling'aa. "Unaona? Damu inakuvuta. Vaa kwanza hii."

Kijana akavaa, kwa heshima. Mikono ya koti ilimmeza hadi kwenye kucha. Mabega yaliteremka, na nyuma pangeweza kuingia mtu mwingine. Mama aligeukia dirishani. Jicho alirudi hatua moja nyuma, akakunja mikono kifuani, machozi yakimlengalenga.

"Simama wima, Wakili. Ah! Kama uliyezaliwa nayo."

"Baba," kijana alisema polepole, "nipime."

"Nikupime? Mimi?"

"Hiyo futi hapo shingoni. Nipime mara moja tu. Nitazame."

"Mtoto niliyemzaa mwenyewe nimpime kwa kamba? Jicho langu limekosea lini? Muulize mama yako. Uliza mtaa mzima!"

"Mtaa mzima umevaa nguo za mama! Kila mchana ukilala anafumua kazi yako anashona upya. Karani, mwalimu, wote. Hujui tu."

"Nyamaza wewe!" mama alipiga kelele, lakini maneno ni kama maji, yakimwagika hayazoleki.

Jicho alimtazama mkewe. "Tangu lini?"

Mikono ya mkewe ndiyo iliyojibu, ilivyokuwa ikipapasa aproni ikitafuta pa kujificha.

"Toka," Jicho alimwambia mwanawe. "Toka na unga wako."

Kijana alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya cherehani. "Mkate wa kwanza nitakuwekea, baba. Usipokuja, mimi hapa sirudi tena kuwa mtu mwingine." Akaenda zake.

Jumapili mchana Jicho alijilaza kwenye kochi kama kawaida, lakini usingizi ulimpita mbali. Akainuka, akaenda kwenye kioo kirefu cha wateja, akalivaa koti lile, halafu suruali. Mkewe alipoingia na sindano mkononi kwa mazoea, alisimama mlangoni. Suti ilikuwa imemkaa mumewe barabara. Mabega yamelala mahali pake, mikono imeishia kwenye vifundo, pindo limegusa viatu. Hapakuwa na pa kupunguza wala pa kuongeza.

Jicho alijitazama muda mrefu. Kwenye kioo kile cha zamani alionekana kama mtu aliye chini ya maji.

"Unaona, Mama Wakili," alisema. "Jicho halikukosea. Ila lilikuwa linanitazama mimi."

Mkewe akaanza kulia. Naye akamshika mkono, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akamwambia asilie, kesho atakwenda. Atavaa suti hii hii, atamwambia kijana kwamba ilikuwa ya baba yake tangu mwanzo, kisha atatoa futi shingoni na kumpimia aproni. Mama alicheka katikati ya machozi. Usiku ule alilala kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumatatu Jicho akaenda. Asubuhi ilikuwa na ukungu mwepesi, na barabara ilionekana kama bado haijaamka sawasawa. Watu walimpisha. Mlinzi mmoja alimpigia saluti, naye akaitikia kwa kichwa. Alitembea akirudia maneno yake kimoyomoyo: mwanangu, suti hii ilikuwa yangu. Harufu ya mkate ilimfikia kabla ya duka lenyewe. Kupitia kwenye kioo alimwona mwanawe katika aproni nyeupe iliyomzunguka mara mbili, na juu ya kaunta mkate mmoja umetengwa kwenye kitambaa safi, na kisu pembeni. Jicho aliushika mkono wa mlango. Ulikuwa na joto.

"Samahani, mheshimiwa wakili."

Aligeuka. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yake, bahasha kifuani, jasho usoni. "Nimeitwa mahakamani leo na sijui hata pa kuingilia. Nisaidie, baba."

Mimi ni fundi cherehani. Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini mwanamke yule alikuwa akimtazama kuanzia mabegani hadi kwenye viatu, mara moja tu, jinsi yeye alivyowatazama watu maisha yake yote. Na nguo ilikuwa inamkaa mno.

Mkono ukauacha mlango.

"Nifuate, mama," Jicho alisema, na sauti yake ilikuwa nzito na tulivu. "Usiogope. Sheria ni ndefu, lakini ina njia zake."

Nyuma yao mlango ulifunguliwa. "Baba! Baba, ni hapa!"

Jicho alisikia. Aliinua mkono kidogo bila kugeuka, kama mtu mwenye shughuli nyingi.

"Yule kijana anakuita?" mwanamke aliuliza.

"Ni mwanangu," alisema Jicho. "Yuko mwaka wa mwisho."

Kijana alibaki mlangoni, unga mikononi, mpaka suti ilipopotelea kwenye ngazi za mahakama. Kisha akarudi ndani, akaukata ule mkate mwenyewe, akawagawia waliokuwa kwenye foleni.