Ndevu Nyekundu Kabla ya Alasiri

Jumamosi asubuhi, katika duka moja dogo la mtaa wa Iftin, mzee mwenye ndevu nyeupe pepe aliweka ndimu mbili juu ya kaunta.

"Abaayo, dada yangu, leta hina. Hii ndevu iwe nyekundu kabla ya alasiri."

"Adeer, mzee wangu, hina haitaki haraka," alisema mama mwenye duka. "Kwani unaoa?"

Mzee alicheka, kisha akagusa jicho lake kwa kidole.

"Mama ya watoto alifungwa macho na mtoto wa jicho. Mimi nikaacha hina. Napaka ya nini, na yeye haoni? Sasa daktari amepasua, bandeji inatoka leo. Mara ya mwisho kuniona, nilikuwa nyekundu."

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Mama alimwaga hina bakulini, akakamua ndimu, akaongeza chai ya rangi ya moto kutoka kwenye thamosi yake mwenyewe ili rangi ikolee upesi. Kisha akanisukumia bakuli.

"Wewe ni mwanamume. Mpake."

Nikampaka, tone moja likaniangukia shatini. Tukamfunga kidevu kwa nailoni ya mkate, akaondoka akisema alhamdulillah kama mtu anayehesabu hatua zake.

Nilipofika nyumbani, mke wangu hakungoja hata salamu.

"Hilo doa kifuani ni la nini?"

Siku nyingine ningenuna. Siku hiyo nilisema alhamdulillah. Ameliona kutoka mlangoni.