Jina Langu Nyuma ya Mlango

Nyuma ya mlango wa darasa letu, hapa Chumbageni, pamebandikwa karatasi ya manila yenye majina yetu sote, na mbele ya kila jina timu ya mwenyewe. Kila Jumatatu kabla mwalimu hajaingia, kiranja anaita majina, na wewe unasimama kutangaza matokeo ya timu yako. Darasa zima ni la vigogo wawili wa Dar es Salaam. Timu ya hapa hapa Tanga ilikuwa na mtu mmoja tu, mimi, na mimi ndiye nisiyependa kabisa kusimama mbele za watu.

Msimu uliopita tulifungwa mpaka nikazoea.

"Tumefungwa moja bila," nasema, macho kwenye viatu.

"Sauti, Bi Mkiani. Huku nyuma hatujasikia," anasema kiranja, na darasa linacheka. Anasikia vizuri sana huyo.

Mechi ya mwisho mjomba alikuja kutoka Pangani, tukaenda uwanjani. Tukishinda tunabaki ligi kuu, tukitoka sare tunashuka. Tulikaa jukwaa la jua, maana mjomba anasema kivulini wanakaa wageni. Alinimenyea machungwa mpaka vidole vikanata. Ikawa bila bila. Watu walianza kutoka kabla ya filimbi. Sisi tulibaki mpaka beki wetu wa kushoto alipoingia ndani peku, viatu mkononi.

"Usilie, mwanangu."

"Silii, mjomba."

Nilikuwa nalia.

Jumatatu yake kiranja alikuja na peni nyekundu. Kawaida ya darasa letu ni kwamba timu ikishuka inafutwa, na mwenyewe anahamia kwa kigogo mmoja papo hapo, anapigiwa makofi, yamekwisha.

"Haya dada, chagua. Huku kwetu kuna vikombe."

Rafiki yangu akanifinya chini ya dawati. "Taja yoyote bwana, yaishe."

Kusema kweli nilitaka yaishe. Lakini nikamkumbuka yule beki.

"Sichagui."

"Orodha hii ya ligi kuu. Utabaki huna timu."

"Timu ninayo. Imeshuka, haijafa."

"Basi nakukata." Akanikata, jina na timu, mstari mmoja mwekundu.

Saa ya uji nilichana karatasi katikati ya daftari langu, nikaandika jina langu na timu ile ile. Nikapaka uji kwa nyuma, nikaibandika chini ya manila yao. Uji ukikauka hautoki. Walijaribu kuibandua, ikatoka pembe moja tu.

Msimu mpya umeanza, sisi huko daraja la chini. Jumatatu hii kiranja alisoma majina yote ya kwenye manila, akarudi kukaa. Nikasimama bila kuitwa.

"Tumefungwa mbili bila," nikasema. Safari hii hakuna aliyeniambia niongeze sauti.