Koku aliniambia "endelea", na mimi nikaendelea

Nimeandika neno "amefariki" mara nne, mara nne nimelifuta. Mkono unakataa. Hii ni wiki ya pili naamka nikitafuta voice note ya Koku kwenye simu, halafu ndiyo nakumbuka.

Mnaomjua Kokushubila wa mapokezi pale ofisini kwetu, yule mwenye kicheko kinachosikika hadi mlangoni kwa boss, ndiye huyo. Tulikaa meza moja miaka mitatu. Mama yake ameniruhusu niandike yote, kwa hiyo naandika yote.

Ballet ilianza kama utani. Aliona video mtandaoni, dada mmoja anafundisha mazoezi ya ballet ukiwa nyumbani kwako, unachohitaji ni kiti tu. Akaniambia, "Minza, sisi tunashindwa nini?"

Chumba chake kipo Pasiansi, hapa Mwanza, juu kabisa kwenye mawe. Tulikuwa tunasukuma kitanda ukutani, simu tunaiegemeza kwenye chupa ya chai, kila mtu anashika mgongo wa kiti chake cha plastiki. Siku ya kwanza bando liliisha mguu ukiwa hewani. Tulicheka hadi tukakaa chini.

Mwalimu wa video akisema "relevé", yaani panda juu ya vidole, mimi Msukuma nilikuwa nasema "lelevé". Koku hakuniachia! Hata kwenye kikao, boss akisema tusimame tuombe, ananinong'oneza, "Haya, lelevé."

Na alikuwa anaweza, jamani. Mwili wake mkubwa, lakini akinyanyua mkono unaona kabisa huyu anacheza. Mimi nilikuwa kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Tulipofikisha kama miezi mitatu nikaanza kuona kitu. Tukipanda kwenda kwake anasimama njiani. "Subiri, ziwa leo limependeza," anatoa simu, anapiga picha. Mwanzoni mara moja. Baadaye mara tatu kwenye njia ile ile fupi. Nilikuwa nasikia anavyohema. Nikanyamaza.

Jioni moja akanipa karatasi ya hospitali. Moyo wake umetanuka. Aliambiwa asifanye chochote kizito na arudi baada ya wiki mbili. Zilikuwa zimepita wiki sita.

"Umerudi?"

"Nimekosa leave."

"Koku, leave nitakuombea mimi kesho asubuhi."

Akaikunja ile karatasi. Halafu akasema, "Minza, naogopa. Baba alienda kupima kwa miguu yake, akarudi amebebwa. Sitaki kusikia watakachoniambia. Na mama usimwambie."

Nikasema sawa. Andikeni mnachotaka kwenye comments, lakini sitadanganya. Nilisema sawa.

Nikamwambia basi tuache mazoezi. Akasema, "Kwani tunakimbia? Tunanyoosha miguu tu." Nilitaka iwe kweli, nikaikubali.

Jumamosi ile asubuhi, katikati ya video, akaenda kukaa kitandani.

"Umechoka?"

"Endelea, nakuangalia."

Nikaendelea. Nilikuwa nimempa mgongo. Zilibaki dakika nane, naziona kwenye simu zinapungua. Nikasikia kama anakohoa. Nikasema bila kugeuka, "Unanicheka, eh?" Hakujibu. Nikamalizia. Ndipo nikageuka.

Macho yake yalikuwa wazi, midomo imebadilika rangi. Alikuwa anavuta hewa kidogo kidogo, kama mtu anayenywa kitu kwa mrija ulioziba.

Mimi na majirani tulimbeba kwenye kitenge, tukashuka naye kwenye yale mawe hadi kwenye bajaji. Alinishika kidole kimoja, akakibana njia nzima. Jumapili saa nne asubuhi, hospitalini, akaondoka.

Kwenye msiba mama yake akanipa simu ya Koku. "Mwanangu, nitafutie picha nzuri tuweke juu ya jeneza."

Nikafungua. Ziwa. Ziwa. Ziwa. Picha nyingi mno, sehemu zilezile tatu, nyingi zimetikisika, nyingine ni kidole chake tu. Nikaelewa kwamba kila picha ni mahali pumzi ilipomwishia. Simu ikanidondoka.

Tulimzika kwao Muleba. Kesho yake nikamkuta mama jikoni anamenya ndizi. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, lakini nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi nilijua anaumwa. Aliniambia nisikwambie."

Kisu hakikusimama. Akamenya ndizi nzima, akaiweka kwenye maji.

"Na mimi nilijua," akasema. "Alipokuja Krismasi alikuwa analala ameegemea ukuta. Nikaogopa kumuuliza. Nilijua nikimuuliza, atanijibu."

Tukalia wote wawili. Halafu akaninyanyua uso, akanitazama sana.

"Mbona na wewe unahema hivyo?"

Ni kweli. Tangu ile Jumamosi moyo wangu unakimbia hata nikiwa nimekaa. Nilijiambia ni uchovu.

"Ukifika Mwanza ukapime," akasema. "Na majibu unipigie. Yoyote yale."

Kwa hiyo sasa hivi niko kwenye benchi la hospitali. Inawezekana ni majonzi tu. Inawezekana siyo. Viganja vimelowa jasho, herufi nakosea. Nimeshasimama mara mbili niondoke, nikafika hadi kwenye geti, nikarudi.

Kama kuna mtu unamuona hayuko sawa na unaogopa kumuuliza, muulize leo. Hata akikasirika.

Koku, nisamehe. Wewe ndiye ningekupigia simu saa hizi nikwambie naogopa, ungenitania hadi nikasahau. Sasa sina wa kumpigia.

Nesi ameita jina langu.

Usingizi mwema, dada yangu. Mimi naingia.