Absinti Ilipofika Utemini

Mchumba wangu huchanganya vinywaji kwenye hoteli ya watalii Arusha, na kwa baba hilo lilitosha kumkataa. Mdogo wake baba alimalizwa na gongo, kwa hiyo nyumbani kwetu mtu wa pombe hata salamu huitikiwa kwa mkato. Nilimwambia baba kwamba mwenzangu hajawahi kuonja hata bia. Alicheka sana, akaniuliza kama nimewahi kuona muuza nyama asiyekula nyama. Kisha akaagiza kijana aje mwenyewe, kabla ya mshenga yeyote, na aje na hicho anachowapa wazungu.

Alikuja kwetu Utemini Jumapili mchana na chupa ya absinti, pombe kali ya wazungu. Furaha ya kijinga ilikuwa imenishika tangu asubuhi, kuku nilimtia chumvi mara mbili na bado naimba. Kinywaji chenyewe kilikuwa cha kijani, kama dawa ya kusukutua mdomo. Shangazi, dada yake baba, alikinusa akasema kinanukia dawa ya tumbo ya watoto wachanga. Mchumba wangu akamweleza kwa heshima zote kwamba kimetengenezwa kwa mmea mchungu uitwao pakanga. Shangazi akavuta kiti nyuma, maana pakanga yeye aliijua kanisani tu, kwenye mahubiri ya mwisho wa dunia.

Basi kijana akaanza kazi. Alitia matone kwenye glasi, akaizungusha mpaka ikalowa pande zote, halafu akayamwaga chini. Ndivyo wafanyavyo kazini kwao ili ibaki harufu tu, kabla ya kumimina kinywaji kingine. Shangazi akamwinamia baba sikioni, nikajua tumekwisha. Kumbe alikuwa anamnong'oneza kwa Kinyaturu kwamba kijana ana adabu, amewapa wazee waliotangulia fungu lao bila kuambiwa. Niliuma pindo la kanga nisicheke.

Glasi ya pili akaitia kidogo tu, akadondoshea maji baridi juu ya kipande cha sukari, na ule ukijani ukageuka mweupe kama maji yaliyooshewa mchele. Baba akasogeza kiti karibu. Moyo ulinirukaruka, nikaanza kuchagua rangi za sare za harusi.

Ndipo baba akamsukumia ile glasi. Kwetu aliyeleta pombe huonja kwanza, wote wakimwona anameza, ijulikane haina sumu. Asipoonja, ametudharau. Akinywa kama mzoefu, harusi yangu imekufa palepale. Baba aliinama kabisa amtazame koo.

Kijana alipiga funda moja. Macho yakamtoka, machozi yakafuata, akapiga chafya, akakohoa, akaushika mguu wa meza huku mkono mwingine ukiomba maji kama mtoto aliyelamba pilipili. Shangazi alimpiga mgongoni akicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Nami nilicheka na kulia kwa pamoja, sikuwahi kumpenda mtu kiasi kile.

Baba hakucheka. Aliinuka, akachota maji mtungini mwenyewe, akamshikia kikombe mpaka akayamaliza.

"Marehemu mdogo wangu hakuwahi hata kukohoa," alisema. "Pole, mwanangu. Mwambie baba yako alete mshenga."