Kahawa ya Golikipa

Wapo watu hapa Nizwa, Uarabuni, wengine wao sawa na wanangu kwa umri, wanaosimulia kwamba zamani chuo chetu cha ualimu hakikumwingiza mtu ila kwa akili yake. Husimulia kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nikisomesha hesabu chuoni hapo na nikikaa katika kamati ya kupokea wanafunzi, na ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, au yamesemwa mbele yangu, juu ya mkeka wangu. Yaliyosemwa kwingineko siyashughulikii.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwanzoni. Idadi ya wanafunzi tuliowapokea iliamuliwa na vitanda vya dahalia, kwa sababu wengi walitoka mbali, Ibra, Sinaw, Jalan, hata Sur, na hapakuwa na namna ya kwenda na kurudi kila siku. Waombaji siku zote walikuwa wengi kuliko vitanda. Tuliwatahini, tukawapanga kwa alama, tukahesabu kutoka juu hadi kitanda cha mwisho kikapata mwenyewe. Utaratibu huo ulikuwa mkavu, lakini ulikuwa na adabu moja kubwa: haukumtazama mtu usoni.

Mkuu wa chuo alikuwa mwenzetu sisi tuliotoka Unguja na Bara, Mmanga wa asili ya huku aliyezaliwa Bara, aliyerudi na shahada nzuri na maneno mengi ya Kiingereza aliyoyavisha kanzu za Kiswahili. Mwaka uliotangulia chuo chetu kilikuwa kimefedheheshwa katika kombe la vyuo, mbele ya wageni wakubwa, kwa magoli yaliyopita katikati ya miguu ya golikipa wetu kama maji ya falaji, mfereji wa mashambani. Mwanachuo yule alikuwa hodari sana wa nahau ya Kiarabu. Tangu siku ile mkuu alianza kuiona nahau kuwa ndiyo iliyotufungisha.

Msimu wa kupokea wanafunzi ulipofika, akaniita ofisini.

"Mwalimu," akaniambia, "chuo si kichwa peke yake. Chuo kina mwili pia. Lazima tubalansi."

"Tubalansi nini na nini?"

"Elimu na michezo. Vyuo vyote vikubwa duniani vinafanya hivyo."

"Umeviona?"

"Nimesoma. Na nimeambiwa."

Kwa mtu yule, kusoma na kuambiwa vilikuwa kitu kimoja.

Balansi yake ilikuwa na jina na makazi. Palikuwa na kijana wa Sur, golikipa, aliyelelewa kimpira na tajiri mmoja wa huko. Tajiri huyu, wa ukoo wa wafanyabiashara wa baharini, alikuwa akiivalisha timu ya huko jezi na viatu, na alikuwa amemwahidi mkuu wetu kwamba kijana akipata kitanda, chuo nacho kitapata jezi mpya. Kijana alikuwa ameufanya mtihani wetu pamoja na wengine. Karatasi yake ya hesabu niliisahihisha mwenyewe. Ilikuwa karatasi safi kuliko zote, kwani zaidi ya swali la kwanza hakuwa ameandika kitu.

Kitanda cha mwisho, kwa alama, kilikuwa cha kijana wa Sinaw ambaye baba yake alikuwa akiuza mbuzi sokoni. Golikipa hakuweza kuingia ila kijana huyu atoke. Hapakuwa na kitanda cha ziada, na mkuu mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda kupima ukumbi wa dahalia kwa hatua zake, akarudi amenuna.

Katika kikao cha kamati akapendekeza waombaji waongezewe alama za kipaji. Wenzangu wakaanza kuitazama feni. Mmoja akasema amesikia kwamba kijana yule ana akili kali, ila siku ya mtihani alikuwa na homa.

"Umesikia kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa yule tajiri, mfadhili wa timu yake."

"Na mfadhili alimpima homa?"

Watu wazima, wenye vyeti vilivyotiwa fremu, walikuwa tayari kumtoa mtoto wa watu kitandani kwa homa ambayo hapana aliyeiona. Lakini kanuni ya chuo ilitaka matokeo yasibandikwe bila ya saini ya mtahini wa kila somo, na mtahini wa hesabu nilikuwa mimi. Nikakataa kutia saini. Mkuu akafunga kikao kwa kusema kwamba mambo mengine huzungumzwa vizuri zaidi nyumbani. Nikajua kwamba watakuja.

Wakaja baada ya sala ya alasiri: mkuu, mfadhili na golikipa mwenyewe. Wote watatu walikuwa wakisema Kiswahili. Mfadhili alikulia dukani Unguja, na kijana alikipata kwa bibi yake mzaa mama.

Sharti nieleze hapa desturi moja ya watu wa huku, ambayo ninaiheshimu inapotumiwa kwa jambo la heshima. Mgeni mwenye haja kubwa hupokea finjani ya kahawa, akaiweka chini bila ya kuinywa, na haigusi mpaka mwenye nyumba amkubalie. Posa huombwa hivyo. Damu husamehewa hivyo. Mwenye nyumba anayeiacha kahawa ya mgeni ipoe hubeba aibu ambayo hata watoto wake hawaitui. Na mfadhili alikuja na desturi hii, inayosamehe damu ya mtu aliyeuawa, ili ajipatie golikipa.

Jambo ambalo hakulipigia hesabu ni nyumba aliyoiingia. Sisi tuliotoka Unguja mjini, kahawa kwetu ilikuwa kitu cha barazani, cha muuza kahawa na buli lake na kashata zake. Ndani ya nyumba, alasiri, ilikuwa chai. Mke wangu hakuwa akijua haja ya mtu wala finjani yake. Alisikia wageni, akaleta alivyokuwa akileta kila siku: chai ya maziwa yenye hiliki, na sahani ya mandazi yanayofuka moshi.

Mfadhili akaitazama ile chai. Kisha akayatazama mandazi. Mtu aliyekulia Unguja, na miaka ile ilikuwa nadra kupata andazi la haki huku. Nikamwona akipigana na nafsi yake, na nafsi ikashinda upesi. Akala moja, akala la pili, akateremshia chai, akaanza kumsifu mke wangu kwa sauti ili asikike ukumbini. Mkuu naye akala. Ndipo mfadhili alipopangusa vidole na kusema, "Sheikh, tuna haja kwako."

"Karibuni," nikasema, "haja husemwa kabla ya kula. Mmekwisha kula."

Akakitazama kikombe chake. Kilikuwa kitupu, na machicha ya majani yamebaki chini. Hapakuwa na kitu cha kuweka chini. Golikipa akainamisha kichwa, mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Wakaondoka bila ya kuitaja haja yao, maana haja iliyokwisha kupoteza kahawa yake ni maneno tu, na maneno nilikuwa nimekwisha kuyasikia kwenye kikao.

Mtu mwenye haya angeishia hapo. Hawa walirudi siku ya tatu yake, saa ile ile, na safari hii wamechukua kahawa yao wenyewe. Mfadhili aliishika chupa kubwa ya kuhifadhia vinywaji vya moto, yenye maua mekundu. Mkuu wa chuo, mwenye shahada, alibeba kikapu cha finjani na bakuli la tende. Golikipa alifuata nyuma mikono mitupu, akiwa na uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

"Bibi asisumbuke leo," mfadhili akaniambia mlangoni. "Kahawa tumekuja nayo."

Wakakaa. Mfadhili akamimina, akanipa finjani mimi, akampa mkuu, akampa kijana, akajitilia ya kwake. Kisha akaiweka ya kwake mkekani, kwa utaratibu, kama mtu anayeweka amana. Mkuu akamwiga. Kijana naye akaiweka, kwa kuwa aliguswa kwa goti.

"Sheikh," akaanza mfadhili, "hatuinywi kahawa hii mpaka utupe tunalolitaka."

Nikainywa yangu. Ilikuwa nzuri, sikatai.

"Nyumba ni yangu," nikamjibu, "lakini kahawa ni yako. Umeipika wewe, umeibeba wewe, umejimiminia wewe. Mtu anayekataa kunywa kahawa yake mwenyewe ana ugomvi na nafsi yake. Siwezi kuingia kati yenu."

"Usifanye mzaha na ada za watu!"

"Aliyeitia ada kwenye chupa akaizungusha mjini ni nani?"

Mkuu akaingilia kati, mkono kifuani. "Mwalimu, tafadhali. Hatusemi tuibomoe elimu. Tunasema tubalansi kidogo. Mtu mmoja tu."

"Na yule wa Sinaw?"

"Atajaribu tena mwakani. Bado kijana."

"Na huyu si kijana? Kwa nini asijaribu huyu mwakani?"

"Kombe halingoji, mwalimu."

Nimeishi na sentensi ile miaka mingi na bado sijaona ya kuishinda kwa upuuzi. Mtoto wa muuza mbuzi aliweza kungoja, kitanda kiliweza kungoja, na watoto wa skuli zote za Sharqiya, mkoa walikotoka wote wawili, ambao siku moja wangesomeshwa na mmoja wa vijana hawa waliweza kungoja. Kikombe cha bati tu ndicho kilichokuwa na haraka.

Nikatambua wakati ule kwamba katika vikao vyote, na ziara zote mbili, hakuna aliyemsemesha golikipa. Tulikuwa tukimjadili kama jamvi litakalotandikwa huku au kule. Nami sikuwa na habari naye ila ya karatasi ile moja, na karatasi moja si mtu. Nikamgeukia.

"Mwanangu, ulikuwa na homa siku ya mtihani?"

"La, mwalimu. Nilikuwa mzima."

Mfadhili akakohoa.

"Basi nisikilize. Umekwisha kuwa mwalimu. Uko Jalan, darasa la nne. Umewafundisha watoto kwamba kuzidisha ni kuongeza. Mmoja anasimama, anakuuliza: mbona nusu mara nusu inakuwa robo, imepungua badala ya kuongezeka? Utamjibu nini?"

Akafikiri. Nampa haki yake, alifikiri kwa kweli, na hakumtazama mfadhili.

"Nitamwambia akamuulize mwalimu," akasema.

Mkuu akacheka kwa woga. Kijana hakucheka.

"Lakini mwalimu ndiye mimi," akaongeza polepole, kama aliyegundua jambo hilo saa ile ile, akamgeukia mfadhili. "Ammi, si uliniambia nitasomesha mazoezi tu?"

"Mazoezi, na vitu vidogo vidogo," akasema mfadhili.

"Hesabu ni kitu kidogo?"

"Utajifunza huko huko ndani! Nyamaza, tunakutafutia riziki."

"Sisi Sur tulikuwa na mwalimu wa namna hiyo," kijana akaniambia mimi. "Tukimuuliza swali, anatutoa nje tukacheze mpira. Tukimpenda sana. Tulikuwa tukimcheka mpaka tunalia." Akaitazama finjani yake. "Ndiyo maana ile karatasi niliiacha vile, mwalimu. Sikuwa na cha kuandika."

Akainyanyua finjani yake mkekani.

"Iweke chini!" mfadhili akamkemea.

"Inapoa, ammi."

Akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akaitikisa finjani kulia na kushoto, kama afanyavyo mtu aliyetosheka na asiyetaka kuongezewa, akairudisha kikapuni. Mwenye haja alikuwa ameinywa haja yake. Finjani mbili zilizobaki mkekani zilikuwa sasa hazina wa kumwombea.

Wakitoka, mfadhili alizimwaga zote mbili kwenye bustani yangu ndogo, juu ya mrihani wa mke wangu, kitendo ambacho mke wangu alikikumbuka kwa muda mrefu kuliko jambo lolote jengine katika kisa hiki. Kijana alibaki nyuma mlangoni, akanishika mkono.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, kwa Kiswahili cha bibi yake, ingawa alikuwa akiaga.

"Marahaba. Hesabu husomeka, mwanangu. Hata mwakani husomeka."

"Inshallah," akasema, kwa namna watu wasemavyo.

Matokeo yalibandikwa, na saini yangu chini yake. Mwaka huo tukafungwa tena katika kombe, vibaya zaidi, na mkuu akaniuliza uwanjani kama nimeona. Nikamwambia nimeona, hata mimi nina macho, na kwamba kesho saa moja na nusu kuna kipindi cha hesabu, kikombe kiwepo kisiwepo.

Mfadhili naye akaeneza kwamba nilimnyima mgeni kahawa. Wapo wanaoliamini hilo mpaka leo, na wapo walionisimulia mimi mwenyewe, bila ya kujua wanamsimulia nani, kwamba palikuwa na mwalimu bahili wa Kizanzibari aliyewafukuza watu kwa kiu. Sikuwasahihisha. Mtu aliyekwisha kuridhika na alilolisikia humsumbui kwa lililokuwa.

Kijana wa Sinaw aliletwa na baba yake katika gari la wazi linalonuka mbuzi, akakipata kitanda chake. Hakujua kwamba kimewahi kugombewa, nami sikumwambia, maana kilikuwa chake na hakuwa na wa kumshukuru. Wiki ya kwanza niliwauliza darasani swali la nusu mara nusu. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Akachukua tende kutoka mfukoni, akaikata nusu, akaikata nusu ile tena, akainyanyua ili wenzake wote waione.

Nikamwambia akae, na kwamba darasani hakuliwi.