Namba ya Siri Iliyopakwa Rangi Ubavuni

Shule niliishia darasa la tatu, lakini lori la kubebea mpunga nililinunua kwa jasho langu mwenyewe. Kule Msangano anayefika kwanza kijijini ndiye mnunuzi. Anayefuata anaokota makapi. Kwa hiyo sikumtajia mtu ninakokwenda. Hata dereva wangu, mdogo wa mke wangu, nilimwambia njia tukishaiacha Tunduma nyuma.

Simu za intaneti zilipoingia, fundi mmoja wa mjini akanifungia kidude ndani ya lori. Ukifungua simu, unaliona gari lilipo. Akaniambia, "Mzee, weka namba ya siri usiyoweza kuisahau." Nikaweka.

Msimu ule ule, kila kijiji nilichoanza kununua, kesho yake jirani yangu wa ghala, mtu wa kuja, yuko pale na mizani yake. Mara ya tatu nikamkazia macho shemeji. Nani mwingine alijua? Nikamnyang'anya ufunguo.

"Umemfukuza ndugu yangu kwa ushahidi gani?" mke wangu akauliza.

"Kwa macho yangu."

Nikaajiri dereva mgeni. Asubuhi moja ninakunywa chai mlangoni, jirani akapita. "Pole, mzee mwenzangu. Lori limekwama Chitete tangu alfajiri."

Dereva hata simu alikuwa hajanipigia.

"Wewe umejuaje?"

Akacheka bila aibu. "Fundi wetu si mmoja? Mimi namba yangu ya siri niliweka namba ya gari langu. Nikasema, huyu mzee naye hana nyingine kichwani. Nikajaribu ya lako."

Kweli. Namba ya gari! Iko mbele, iko nyuma, na ubavuni niliipaka mwenyewe kwa rangi nyeupe. Tunduma nzima inaisoma.

Nilimkuta shemeji kwao Isansa, anapalilia kahawa. Mimi si mtu wa kuomba radhi, lakini niliomba.

"Shemeji, nimekukosea."

Hakuweka jembe chini. "Ile namba umeshaibadilisha?"

"Bado."

"Ibadilishe hapa hapa. Nami sitaki kuijua, usije ukanitafuta tena."

Akanipa mgongo, akatazama mibuni. Nikabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, na kila nikibonyeza niliinua macho kuona kama kweli hajageuka.